Kutoka VDNKh hadi Baikal: kwa treni nyuma ya Artyom

Kwa wasiomjua, Artyom ni askari kijana katika michezo mitatu ya video ya studio ya 4A Games: Metro 2033 ya mwaka 2010, Metro: Last Light ya 2013 na Metro Exodus ya 2019. Moscow imeteketezwa kwa mabomu ya nyuklia mwaka 2013, kwa hesabu ya mchezo, na walionusurika wanaishi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi. Amekulia humo, yatima. Katika mchezo wa tatu anaondoka mjini kwa treni ya mvuke iitwayo Aurora, anaivuka Urusi mpaka Ziwa Baikal.

Binamu yangu anasoma udaktari Moscow na Februari ana likizo fupi. Hajawahi kucheza hata mchezo mmoja kati ya hiyo mitatu, ila Kirusi chake ni kizuri na alikuwa na hamu ya kuliona ziwa. Tukakubaliana. Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumamosi, Timiryazevskaya

Nilitua usiku. Asubuhi binamu alinivalisha koti zito la rafiki yake, suruali mbili na soksi za sufu, maana nje ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Kabla ya chai ya pili tulikuwa tumeshashuka kwenye metro.

Nilitaka tuanzie Timiryazevskaya, stesheni ya mstari wa kijivu iliyofunguliwa mwaka 1991. Riwaya iliyozaa mchezo inasema Artyom aliishi hapa na mama yake alipokuwa mdogo, mpaka panya walipofurika kutoka kwenye mahandaki na kuimaliza stesheni nzima. Mama yake alipoona hakuna pa kukimbilia, alimkabidhi mtoto kwa askari aliyekuwa anaondoka. Askari huyo, Sukhoi, hakuwa baba wala ndugu. Alimpokea, akaenda kumlea kwenye stesheni nyingine, VDNKh. Artyom anakua bila kuukumbuka uso wa mama yake.

Iko zaidi ya mita 60 chini ya ardhi, lakini haina nguzo hata moja. Dari ni upinde mmoja mpana, kutoka ukuta wa huku hadi ukuta wa kule. Ukisimama katikati ya jukwaa unaona kila kitu, toka mwisho hadi mwisho, na hakuna pembe ya kujibanza. Nilikuwa nimeisoma ile habari ya panya mara nyingi na kila mara nikaiwazia gizani, kwenye vichochoro. Kumbe ni ukumbi mpana, wenye mwanga, ambao mtu angeliona jambo lile likimjia kutoka mbali. Nilikaa kwenye benchi mpaka binamu akaniuliza, "Kaka, uko sawa?" Nikamsimulia. Akakaa na yeye.

Kwa atakayefuata: kadi za benki za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Beba dola au yuro taslimu, noti safi zisizokunjwa wala kuandikwa, na ubadilishe benki. Ukiwa na mwenyeji, mwombe akununulie tiketi za treni kwa kadi yake, wewe umpe taslimu. Katika michezo miwili ya kwanza ya Metro fedha ni risasi za kijeshi zilizobaki kutoka kabla ya vita. Ukizidiwa kwenye mapambano unaweza kuzifyatua, na kila mlio unasikia akiba yako ikipungua. Nilizikumbuka sana kila nilipofungua bahasha yangu ya noti.

Jumapili, VDNKh, mnara na bustani

Hii ndiyo siku niliyoisubiri, na ndiyo iliyonibadilishia namna ninavyomwona Artyom.

VDNKh ilifunguliwa mwaka 1958. Ni stesheni ya kina, yenye nguzo nene, na watu wamejaa kwa sababu juu yake kuna viwanja vikubwa vya maonyesho. Nilikwenda kutafuta mlango. Milango ya chuma ya kuziba stesheni ipo kweli katika metro ya Moscow, ilijengwa ili watu wajikinge humo wakati wa vita. Ukipita haraka huoni kitu. Ukitazama chini unaona kizingiti cha chuma kinachokatisha sakafu, na ukutani fremu pana isiyofanana na marumaru ya pembeni. Maelfu ya viatu vimekipita kizingiti kile mpaka kimeng'aa katikati na kubaki cheusi pembeni. Binamu amekikanyaga kwa miaka bila kukijua.

Tukapanda juu. Kuna mnara wa kumbukumbu ya safari za anga, mita 107, na chini yake jumba la makumbusho la wanaanga. Kushoto unaona Mnara wa Ostankino, mita 540, ncha yake ikiwa ndani ya mawingu siku ile. Kaskazini, ukivuka viwanja vya maonyesho, kuna Bustani Kuu ya Mimea.

Sasa sikiliza. Artyom alipokuwa mtoto alitoka yeye na rafiki zake kwenda juu ya ardhi, upande wa Bustani ya Mimea. Walishambuliwa, naye aliokolewa na mmoja wa Viumbe wa Giza, wale ambao stesheni nzima iliwaogopa. Kumbukumbu hiyo ilizama, hakuwa nayo tena. Akakua, akapewa bunduki, akaambiwa viumbe wale watawamaliza watu wote. Mwisho wa Metro 2033 anapanda Mnara wa Ostankino na kuelekeza makombora kwenye makazi yao, pale pale bustanini. Ni katika Last Light kumbukumbu inapomrudia, akajua aliwateketeza waliomwokoa.

Tuliuzunguka upande ule wote kwa miguu, kwenye theluji, tukisimama kunywa chai, na ilikuwa matembezi ya mchana mmoja tu. Alipolelewa, alipookolewa, aliposimama kutoa hukumu: vyote viko mtaa mmoja. Kwenye mchezo nilipita dunia nzima ya mahandaki kati ya stesheni yake na mnara, nikaamini ni mbali. Si mbali. Toka juu ya mnara ule, siku isiyo na mawingu, angeweza kuona alipochezea. Kwa maoni yangu hakuna mhusika wa mchezo wa video aliyepewa jeraha zito namna hii la utotoni, na wala haonewi huruma ya bure. Anapewa kazi ya kuishi nalo.

Mnara una sebule ya kutazamia mandhari kwenye mita 337. Mawingu yalikuwa chini, mlinzi wa mlangoni akatushauri kwa upole tusipoteze hela, hakuna tutakachokiona. Akatuelekeza mgahawa wa jirani wenye supu ya moto ya kabichi. Tulikunywa bakuli mbili kila mmoja.

Jioni tulipita stesheni nne zilizounganishwa chini ya katikati ya mji, Biblioteka imeni Lenina na jirani zake, ambazo katika mchezo ni Polis, mji wa wasomi. Kisha Park Pobedy, ambako ngazi za umeme zina urefu wa mita 126 na unasimama kama dakika tatu ukishuka. Katikati ya ngazi zile nilimweleza binamu jambo nililokuwa nimelisoma. Mwaka 1941, ndege za Ujerumani zilipoishambulia Moscow, watu walilala kwenye metro, na zaidi ya watoto 200 walizaliwa humo wakati wa vita. Studio ya 4A Games ilianzia Kyiv. Wachoraji wake waliwachora watoto wakicheza kwenye majukwaa ya metro, na Februari 2022 watu wa Kyiv wenyewe wakakimbilia metro yao makombora yalipoanza, na mtoto akazaliwa humo pia. Binamu aliniambia nishushe sauti. Tukashuka kimya.

Jumatatu, kutoka Yaroslavsky

Treni yetu iliondoka mchana kutoka stesheni ya Yaroslavsky, inapoanzia reli ya Siberia yenye kilomita 9,288 hadi Vladivostok. Tulichukua platskarti, behewa la wazi lenye vitanda 54. Kitanda cha juu mpaka Novosibirsk kilinigharimu karibu rubli 6,000. Cha chini ni ghali zaidi, lakini mwenye cha chini ndiye mwenye meza, na wa juu anakaa kwa hisani yake.

Mwenye chetu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, anarudi Omsk kutoka kwa mwanawe. Hata treni haijaanza kwenda vizuri alishasogea na kupiga godoro kwa kiganja, tukae. Akatoa mayai ya kuchemsha, matango ya siki, mkate mweusi na mafuta ya nguruwe ya chumvi. Binamu alimweleza kwamba nguruwe hatuli. Bibi akayafunga yale mafuta upesi kwenye gazeti, akafuta kisu kwa kitambaa, akaenda kukisuuza kwa maji ya moto ndipo akatukatia mkate.

Mwisho wa kila behewa kuna samovari kubwa, maji yake yanachemka mchana na usiku, bure. Mama mhudumu wa behewa anakuazima glasi ya chai iliyokaa kwenye kishikio cha chuma kilichonakshiwa. Usiku glasi zote hulia kidogo kidogo kwenye meza, treni nzima.

Tuliuvuka mto Volga saa mbili usiku, tukitoka Nizhny Novgorod. Barafu nyeupe, taa za mji zikibaki nyuma, milio ya chuma cha daraja. Katika Exodus, Volga ndipo Aurora inapozuiwa kwa mara ya kwanza, na daraja limeshikwa na waumini wanaoamini umeme ni dhambi. Wana silaha na wanafyatua. Mchezaji mgeni hujibu kwa risasi, maana michezo mingi imemfundisha hivyo. Lakini ndani ya lile kanisa kuna mama aliyefungiwa na binti yake mdogo, Katya na Nastya, na kuna waumini wa kawaida wanaoogopa tu. Unaweza kupita usiku kwa mashua, taa umezizima, bila kumuua mtu. Baadaye Nastya anaomba mwanasesere wake wa dubu aliyenyakuliwa na jinamizi lenye mabawa. Hakuna anayekulazimisha kumfuata. Mimi nilimfuata kila nilipocheza, na sidhani kama Artyom angeweza kumpita mtoto yule.

Kwa atakayefuata mchezo: usiku maadui ni wachache na ni rahisi kujificha, mchana wanyama hatari hupungua. Lala kitandani ubadilishe saa kabla ya kwenda penye watu. Na tunza vichujio vya barakoa ya gesi, angalia saa ya mkononi mwa Artyom, ndiyo inayohesabu pumzi zilizobaki.

Jumanne, Perm na Ural

Misonobari, theluji, misonobari. Nililala hadi mchana.

Kitanda cha juu cha upande wa pili kilikuwa cha kijana mwenye begi la kijeshi, nywele fupi, pengine miaka ishirini. Hakusema alikotoka wala anakokwenda, na hakuna aliyemuuliza. Bibi alimpa yai na kumwita mwanangu. Alasiri alishuka kuchukua maji ya moto, akaona kwenye simu yangu picha ya Aurora niliyoipiga ndani ya mchezo. Akasimama.

"Artyom," akasema.

Tuliongea kwa tafsiri ya binamu. Alicheza Exodus akiwa bado shule. Akaniuliza niliishia mwisho upi. Nikamwambia ule wa uhai. Yeye mara ya kwanza aliishia ule mwingine, ambao Artyom anakufa na kujikuta ndani ya treni ya marehemu. "Niliwaua wote pale Volga," alisema. "Sikujua kwamba inahesabiwa." Akacheza tena kutoka mwanzo, polepole, bila kumwaga damu isiyo ya lazima, mpaka akafika Baikal salama. Ilimchukua miezi, kwa sababu kompyuta ilikuwa ya kaka yake.

Nilimuuliza anampendea nini. Alifikiri. Akasema Artyom hasemi. Ni kweli. Ukiwa ndani ya mchezo hatoi neno, watu wanamwambia mambo yao yote, mkewe Anna anamweleza hofu zake, na yeye anasikiliza. Sauti yake unaisikia tu kati ya sura na sura, anaposoma daftari lake. Kijana akasema alipokuwa mdogo na yeye alikuwa hivyo. Kisha akapanda kitandani kwake na glasi yake ya chai.

Jua lilikuwa linazama tulipopita nguzo ya mpaka wa Ulaya na Asia, kwenye kilomita 1,777. Ni kitu cha sekunde mbili, upande wa kulia ukitoka Moscow, kwa hiyo simama dirishani mapema. Mlima Yamantau, ambako Aurora inakwenda kuitafuta serikali na kukuta wala watu, uko kusini mbali na reli hii. Bahari ya Kaspi, sura ya mchanga na mafuta na watumwa, iko mbali zaidi. Hapo njia yetu na ya Artyom zilitengana mpaka Siberia.

Jumatano, Omsk, Barabinsk, Novosibirsk

Kijana alishuka usiku, sikumuona. Aliacha chokoleti kwenye meza, imeandikwa kwa kalamu jina Artyom.

Bibi alishuka Omsk gizani. Kabla ya kushuka alimuomba binamu amwonyeshe kwetu ni wapi. Binamu alimfungulia ramani akamwonyesha Ziwa Tanganyika, akamweleza kwamba ni la pili duniani kwa kina, mita 1,470, na Baikal ndilo la kwanza, mita 1,642. Bibi alifurahi mno. Akawaambia majirani wote wa behewa kwamba hawa wametoka ziwa la pili kwenda kulisalimu la kwanza. Alitukumbatia kwa zamu, akatuachia matango yote.

Barabinsk treni husimama karibu nusu saa na kina mama huja jukwaani na samaki wa moshi. Tulinunua mmoja mkubwa kwa rubli 400, tukamla kwa mkono, na harufu haikutoka kwenye glavu zangu mpaka leo. Mama mhudumu alitaka tufungue dirisha dogo, kisha akaja kuonja.

Treni ilifika Novosibirsk jioni kwa wakati. Kilichotuchelewesha ni malazi. Hosteli tuliyoweka nafasi ilisema haipokei wageni wa nje kwa sababu ya kazi ya kuwaandikisha. Tukazunguka na mabegi kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri hadi mwanamke mmoja wa duka la dawa, tuliyeingia kwake kupasha mikono moto, akapiga simu tatu na kutupatia chumba. Alikataa hata kununuliwa kahawa. Kwa hiyo uliza kabla hujalipa: je, mnapokea na kuandikisha raia wa kigeni? Na karatasi ndogo ya uhamiaji unayopewa mpakani usiitoe kwenye pasipoti.

Alhamisi, Novosibirsk

Ndiyo metro pekee ya Siberia, inafanya kazi tangu 1986. Tulipanda kwenda na kurudi kupitia daraja lake la mto Ob, mita 2,145, lililofunikwa, ambalo hutajwa kuwa daraja refu kuliko yote duniani la treni za aina hii. Stesheni ni safi, fupi, wanafunzi wanacheka.

Katika Exodus hapa hakuna anayecheka. Mapafu ya Anna yameharibika kwa gesi, dawa iko katika taasisi moja ndani ya mji uliojaa mionzi, na Artyom na kamanda wake Miller, baba wa Anna, wanakwenda kuifuata. Chini kwenye metro wakazi wameuana wenyewe kwa wenyewe kwa kugombania dawa ya mionzi. Amebaki mtoto mmoja, Kirill, anamsubiri baba yake. Mtoto peke yake, metro iliyokufa, wakubwa hawarudi. Ni Artyom wa Timiryazevskaya upya. Na safari hii askari wanaofika na kumchukua ni wao, Artyom na Miller.

Artyom anapata dozi ya mionzi inayoua. Miller anampa dawa ya mwisho na kubaki na kifo yeye mwenyewe. Aurora inapoondoka, wenzake wanalazimika kumwongezea damu yao. Hapo ndipo hesabu aliyoisema yule kijana inapofungwa: Duke, Damir na Alyosha, askari wa kikosi chake, kila mmoja alikuwa katika hatari ya kupotea kwenye sura moja kwa jinsi ulivyowatendea watu wa mahali pale. Wakibaki angalau wawili, damu inatosha. Wasipobaki, haitoshi.

Binamu alisimama katikati ya jukwaa kunisikiliza. Nilimuuliza kama inawezekana kitabibu. Akasema damu ya kuongezewa haiondoi mionzi mwilini. Mionzi huua uboho unaotengeneza damu, na mgonjwa akiongezewa anaweza kustahimili mpaka uboho uamke, kama utaamka. "Kwa hiyo si uongo mtupu," akasema. "Ila wangehitaji vichujio vya damu, vipimo, na bahati." Akaniuliza ni nani hasa walimpa. Nikamtajia. Akataka kujua habari za kila mmoja, tukakosa treni mbili.

Nadhani hii ndiyo maana ya safari yake yote. Aliponea mikononi mwa mtu asiyemjua, akawasahau waliomwokoa na kuwaangamiza. Kuanzia hapo mchezo unamuuliza kila alipo, Volga, Kaspi, kwenye msitu wa taiga: huyu usiyemjua utamfanyaje? Mwisho maisha yake yanapimwa kwa vikombe vya damu vya watu aliowaacha hai.

Ijumaa, ndani ya treni

Krasnoyarsk, mto Yenisei usioganda hapo mjini, mvuke ukipanda juu ya maji. Usingizi, chai, tambi za paketi.

Jambo moja kwa wachezaji. Kati ya sura na sura Exodus inakuacha ndani ya Aurora bila kazi yoyote. Unaweza kukaa karibu na Anna, kufungua redio, kumsikiliza askari mwenzako Stepan na gitaa lake, kuhudhuria harusi yake na Katya. Hupewi pointi. Wengi hukimbilia mlango unaofuata. Usikimbie. Nimelala platskarti siku kadhaa na naapa wameipatia: mtu anayekoroga chai, mwingine anayetengeneza kitu, mtoto anayepita mbio, simulizi isiyokwisha.

Jumapili, Slyudyanka

Jumamosi tulishuka Irkutsk alfajiri na kulala karibu siku nzima. Jumapili tulipanda treni ya abiria wa karibu, chini ya rubli 500, kwenda Slyudyanka. Watalii wengi huenda Listvyanka kwa basi dogo, kilomita kama 70, na ni karibu zaidi. Sisi tulitaka kufika kwa reli. Kaa upande wa kushoto. Reli inashuka kutoka milimani kwa kujipinda, ziwa linaonekana chini, linapotea, linaonekana tena kubwa zaidi, na behewa zima wanaacha walichokuwa wanafanya.

Stesheni ya Slyudyanka imejengwa kwa marumaru ya huko huko. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi ufukweni. Barafu ilikuwa nene, magari yakipita mbali juu yake, na penye theluji iliyopeperushwa unaona chini: nyeusi, yenye nyufa nyeupe zinazoshuka wima, na mapovu yaliyoganda kwa ngazi, moja juu ya jingine. Inapiga. Mara moja ilipasuka mahali fulani mbali na mlio ukapita chini ya miguu yetu. Binamu alinishika mkono kwa nguvu. Mvuvi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ndoo akatuita, akatuonyesha unene wa barafu ndani ya tundu lake, mkono wake wote uliingia, tukatulia. Alitumiminia chai yenye majani ya porini kutoka kwenye chupa yake.

Kwa anayekuja: usitembee kwenye barafu bila kumuuliza mwenyeji hali ya siku hiyo, na uwe na vibanio vya chuma vya viatu. Samaki aina ya omul aliwekewa vizuizi vya uvuvi mwaka 2017, kwa hiyo uliza unachouziwa.

Mwisho wa Exodus wanamzika Miller hapa. Alikuwa mkali kwa Artyom kuanzia mwanzo, hakutaka autafute uhai nje ya Moscow, na ndiye aliyelipa ili wengine waufikie. Artyom anakabidhiwa kikosi. Askari wengine wa michezo hii hupewa nishani, yeye anapewa watu: Anna aliyepona, Katya na Nastya, Kirill, na wanaume ambao damu yao imo mwilini mwake. Nilimwonyesha binamu kipande hicho kwenye simu, vidole vikiuma kwa baridi, na kila dakika mbili simu ilizimika tukaipasha moto kwapani.

Tulirudi Moscow kwa ndege, safari ya muda wa saa sita hivi, kwa sababu masomo yake yalikuwa yanaanza. Tiketi ilizidi bei ya platskarti zote mbili, kwa hiyo ipangie mapema.

Binamu ameazima kompyuta ya mwenzake wa hosteli na yuko Volga. Hataki nimwambie lolote. Jana amenitumia ujumbe wa sauti, anasema amezima taa ya mashua, ameshapita chini ya daraja, na anataka kujua yule dubu wa Nastya yuko upande gani wa mto.